Neno Halimo Sikioni

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu wa lugha, wazazi na wahudumu wa afya. Nimeiandika karibu kama nilivyoitamka.

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi mnaohudumia wagonjwa, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ubongo unavyoitikia sauti za usemi. Mengi nitakayoyasema mnaweza kuyasahau, lakini moja naomba mlishike: sikio halisikii neno. Sikio hupokea mtetemo wa hewa na kuupeleka mbele. Neno huundwa juu zaidi, kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na gamba hilo limekwisha kufundwa na lugha fulani tangu mwenyewe akiwa mchanga. Ndiyo maana watu wawili wenye masikio mazima, walioketi bega kwa bega, wanaweza kusikia vitu viwili tofauti kutoka kinywa kimoja, na kila mmoja akaapa kwamba amesikia sawasawa.

Tuanze na ugumu wa kazi yenyewe. Mtu anapozungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa silabi 4 au 5 kwa sekunde, na ndani ya silabi hizo zimo fonimu, yaani sauti mojamoja za lugha, 10 hadi 15. Hakuna pengo kati ya fonimu na fonimu. Hata kati ya neno na neno mara nyingi hakuna kimya chochote. Ukiirekodi sentensi na kuutazama mchoro wake kwenye kompyuta, utaona mlolongo unaoendelea. Na pale unapouona ukikatika, mara nyingi ni katikati ya neno, wakati midomo imefungwa kutamka p. Zaidi ya hapo, d ya "dada" haifanani kifizikia na d ya "dudu", kwa sababu ulimi unapoiachia ile d, midomo tayari imeshajiandaa kwa irabu inayofuata. Mtoto wa miaka mitatu, mzee wa miaka themanini na mama mwenye mafua wote wakitamka "maji", mawimbi yao yanatofautiana sana. Nasi sote tunasikia "maji", papo hapo, bila kujitahidi. Kwa hiyo mahali fulani humo kichwani pana kitu kinachotupilia mbali tofauti zisizo na maana na kuzishikilia zile zenye maana.

Njia ya kufika huko nitaipita haraka. Mawimbi hugonga kiwambo cha sikio, vifupa vitatu huyapokeza, na mtetemo huingia kwenye koklea, ile mirija iliyojikunja katika sikio la ndani. Georg von Békésy, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba utando ulio ndani ya koklea umepangwa kama kinanda: kila sehemu hutetema zaidi kwa masafa yake, yaani kwa idadi yake ya mitetemo kwa sekunde, sauti nyembamba karibu na mlango wa koklea, nzito mwishoni kabisa. Seli za nywele za ndani, takriban 3,500 katika kila sikio, huugeuza mtetemo kuwa ishara za umeme. Nyuzi za neva zipatazo 30,000 huzibeba ishara hizo hadi shina la ubongo, kisha zinapanda kituo baada ya kituo hadi kwenye talamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, na kutoka hapo hadi gamba la ubongo, usawa wa sikio, ndani ya mkunjo mkubwa wa pembeni. Hapo pana tuta dogo lenye jina la mwanaanatomia wa Austria, Richard Heschl. Juu ya tuta hilo mpangilio wa masafa bado upo: nyuroni, yaani seli za neva, za sauti nzito upande mmoja, za sauti nyembamba upande mwingine.

Hapo ubongo umeshajua masafa. Neno bado.

Nje kidogo ya tuta la Heschl, kwenye uso wa ubongo unaotazamana na fuvu, liko tuta jingine refu zaidi, ambalo kwa leo nitaliita tuta la juu la pembeni. Mwaka 1874 daktari kijana wa Ujerumani, Carl Wernicke, aliwaeleza wagonjwa waliokuwa wakizungumza kwa ufasaha wa namna yake, maneno yakimiminika, lakini hawakuelewa walichoambiwa. Walikuwa wameumia sehemu ya nyuma ya tuta hilo, upande wa kushoto. Wapo pia wagonjwa adimu, mara nyingi baada ya kiharusi kuharibu pande zote mbili za ubongo, ambao husikia mlango ukigongwa na hutambua mlio wa ndege, lakini usemi kwao hugeuka mvurugo wa sauti, kana kwamba wote wanaowazunguka wamehamia lugha ya kigeni. Wanaweza kusoma. Wanaweza kuandika. Masikio yao ukiyapima ni mazima. Kilichoondoka ni ule uwezo wa kuyageuza mawimbi kuwa fonimu.

Kwa zaidi ya miaka mia moja elimu yetu ilitegemea majeraha ya namna hiyo, kwa sababu hakukuwa na njia ya kuuona ubongo mzima ukifanya kazi hii. Vipimo vya umeme vinavyowekwa juu ya ngozi ya kichwa vina kasi ya kutosha, ila havioneshi kwa usahihi ishara imetoka wapi. Picha za mtiririko wa damu zinaonesha mahali, ila damu huchukua sekunde kadhaa kuitikia, na ndani ya sekunde kadhaa makumi ya fonimu yameshapita.

Mlango ulifunguliwa na wagonjwa wa kifafa. Kuna wenye kifafa kisichotulizwa na dawa, ambao inabidi wafanyiwe upasuaji kuondoa sehemu inayoanzisha degedege. Kabla ya upasuaji, madaktari hutandaza elektrodi, vidude vidogo vya kupima umeme, moja kwa moja juu ya uso wa ubongo na kuziacha kwa siku kadhaa, wakisubiri degedege litokee ili wajue chanzo chake. Siku hizo mgonjwa yuko kitandani, macho, akili timamu. Baadhi yao hukubali kusikiliza sentensi kwa ajili ya watafiti. Naomba tusilipite jambo hili bila shukrani. Mengi nitakayowaambia kuanzia sasa tumeyapata kwa sababu mtu aliyekuwa akingojea upasuaji alikubali kuitoa saa moja ya siku yake ngumu kwa faida ya watu asiowajua.

Mwaka 2014 Nima Mesgarani, Edward Chang na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya kazi ya namna hiyo. Wagonjwa sita walisikilizishwa sentensi 500 za Kiingereza zilizosemwa na watu 400. Watafiti waliuliza swali moja kwa kila elektrodi iliyokuwa juu ya tuta la juu la pembeni: wewe unaamshwa na sauti zipi?

Mtu angeweza kutarajia kila elektrodi iwe na herufi yake, hii ya k, ile ya m. Haikuwa hivyo. Elektrodi moja iliitikia p, t, k, b, d na g zote kwa pamoja. Nyingine, milimita chache tu kutoka hapo, iliitikia s, z, sh na ndugu zao. Nyingine m na n na ng'. Nyingine irabu za mbele, nyingine irabu za nyuma. Walimu wa fonolojia mliomo humu mmeshawatambua: hivyo ni vipasuo, vikwamizo, nazali, irabu. Mafungu yale yale tunayowaandikia wanafunzi ubaoni yamo kwenye nyama ya ubongo. Tena sauti zilitenganishwa kwa nguvu zaidi kwa namna zinavyotamkwa, yaani hewa ilizuiwa, ilikwamizwa au ilipitia puani, kuliko kwa mahali zinapotamkiwa, iwe midomoni, kwenye meno au nyuma ya kaakaa.

Mimi naona hili ni miongoni mwa matokeo mazuri kuliko yote katika taaluma yetu. Wanaisimu waliyajenga mafungu hayo kwa subira, wakisikiliza na kuufuatilia ulimi mdomoni, vizazi kwa vizazi, bila kuwahi kuuona ubongo ukifanya kazi. Wako wanafunzi wanaodhani sifa bainifu, yaani sifa zinazotenganisha sauti na sauti, ni mzigo wa mtihani, maneno ya kukariri na kusahau. Waambieni kwamba walipo, wakiwasikiliza nyinyi darasani, seli zao wenyewe zinayapanga matamshi yenu kwa sifa hizo hizo.

Lakini tusilirahisishe jambo kupita kiasi. Elektrodi moja ya uso wa ubongo husikiliza maelfu ya nyuroni kwa pamoja. Mwishoni mwa 2023 kundi la San Francisco lilichapisha kazi iliyotumia vijiti vyembamba sana vinavyoweza kushuka ndani ya gamba na kuisikiliza nyuroni mojamoja. Walizifikia nyuroni 685 katika sehemu tisa za tuta lile. Katika kila sehemu waliikuta sifa moja iliyotawala, kama elektrodi za juu zilivyoonesha, lakini kadiri walivyoshuka tabaka kwa tabaka walikuta pia nyuroni zenye kazi tofauti kabisa: hii ya irabu, jirani yake ya kupanda na kushuka kwa sauti, nyingine ya mwanzo wa sentensi tu. Kwa hiyo msije mkatoka hapa mkisema ubongo una kidoti cha p na kidoti cha b. Fonimu hutokana na nyuroni nyingi kuitikia kwa mpangilio fulani kwa wakati mmoja.

Kazi nyingine ni ya kuweka mpaka. Chukueni "pata" na "bata". Midomo hufungwa kwa namna ile ile, pahali pale pale. Tofauti kubwa ni wakati nyuzi sauti zinapoanza kutetema: kwenye b mapema, kwenye p kwa kuchelewa kidogo, na kuchelewa kwenyewe ni kwa makumi machache ya milisekunde. Kifizikia hapo pana mteremko. Unaweza kuitengeneza kwa kompyuta sauti iliyo katikati kabisa, au robo tatu upande wa p. Msikilizaji hasikii mteremko. Husikia b, b, b, kisha ghafla p. Hili lilioneshwa na Alvin Liberman na wenzake wa Maabara za Haskins, Marekani, mwaka 1957, kwa msururu wa sauti uliotoka b kwenda d hadi g. Mwaka 2010 Chang na wenzake walirudia jambo la namna hiyo huku wakiuangalia ubongo wenyewe, na takriban milisekunde 110 baada ya sauti kuanza, mwitikio wa sehemu ya nyuma ya tuta la juu ulikuwa tayari umegawanyika mafungu matatu. Mteremko ulikuwa umeshageuka ngazi, ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo.

Kuhusu kiimbo, sisi tunaosema Kiswahili tunajua thamani yake kuliko wengi. "Amekuja." "Amekuja?" Hakuna fonimu moja iliyobadilika wala neno lililoongezwa, kilichobadilika ni kupanda na kushuka kwa sauti. Mwaka 2017 kundi lile lile lilionesha kwamba zipo sehemu za tuta la juu zinazofuatilia kiimbo peke yake, bila kujali maneno yenyewe wala msemaji ni nani. Kilichonivutia zaidi ni hiki: sehemu hizo hazipimi masafa yenyewe. Hupima sauti imepanda au imeshuka kiasi gani ukilinganisha na kawaida ya huyo anayesema. Swali la mwanamume mwenye sauti nzito na swali la msichana mwenye sauti nyembamba, kwa nyuroni hizo, ni kitu kimoja. Na mwaka 2019 Yulia Oganian na Chang wakaonesha kwamba tuta hilo huitikia kwa nguvu kila ukubwa wa sauti unapoongezeka kwa kasi, jambo ambalo kwa kawaida hutokea irabu inapoanza. Huenda hivyo ndivyo silabi zinavyohesabiwa.

Kwa muda mrefu vitabu vimefundisha kwamba kazi hii ni ya ngazi: tuta la Heschl kwanza, likimaliza linalikabidhi tuta la juu. Mwaka 2021 Liberty Hamilton na wenzake walilitia swali fundisho hilo. Walipolisisimua kwa umeme kidogo tuta la Heschl, wagonjwa walisikia milio isiyokuwapo, lakini waliendelea kuyaelewa maneno waliyoambiwa. Walipolisisimua tuta la juu, milio haikuwapo, lakini maneno yakaharibika. Inaelekea basi tuta la juu lina njia yake ya kupata sauti, sambamba na lile la kwanza. Sidhani mjadala huu umekwisha, na sioni haya kuwaambia walimu wa biolojia kwamba mchoro wa mishale iliyonyooka kwenye vitabu vyenu huenda ukachorwa upya.

Sasa nifike kwenye sehemu inayowashangaza wengi: gamba la kusikia halingoji sauti ifike ndipo lianze kazi.

Mwaka 1970 Richard Warren aliikata fonimu moja kutoka kwenye neno lililorekodiwa na mahali pake akaweka kikohozi. Karibu wasikilizaji wote walisema neno lilikuwa kamili, na kwamba kikohozi kilikuwa nyuma tu, hata hawakuweza kusema kilitokea kwenye fonimu ipi. Walisikia sauti ambayo haikuwapo. Ilituchukua miaka mingi kujua ubongo unafanya nini wakati huo. Mwaka 2016 Matthew Leonard na wenzake walitumia maneno ambayo, fonimu moja ikifunikwa na kelele, yanaweza kuwa hili au lile. Kwa mfano kwetu, "ka-a" ingeweza kuwa "kaka" au "kata". Mgonjwa akisema amesikia la kwanza, tuta lake la juu lilikuwa limeitikia kana kwamba fonimu ya neno la kwanza imetamkwa kweli. Akisema la pili, mwitikio ulifuata la pili. Sauti iliyoingia sikioni ilikuwa ile ile. Na kabla hata kelele haijafika, sehemu ya mbele ya ubongo ilikuwa imeshaelekea upande wa neno ambalo mtu huyo angelisikia.

Hali kadhalika kwa watu wawili wanaozungumza kwa mpigo. Mesgarani na Chang mwaka 2012 waliwasikilizisha wagonjwa sauti mbili zilizochanganywa na kuwaambia wamfuate msemaji mmoja. Kutokana na ishara za tuta la juu watafiti waliweza kuitengeneza upya picha ya sauti, na picha hiyo ilifanana na msemaji aliyefuatwa, mwingine akiwa amefifishwa. Pale msikilizaji alipokosea akamfuata mwingine, ubongo ulikuwa umeonesha hivyo hivyo. Wazazi, mtoto anapowaambia hakuwasikia wakati yuko kwenye shughuli yake, huenda anasema kweli tupu. Sauti yenu ilifika sikioni, ikafifishwa njiani.

Macho nayo yamo. Harry McGurk na John MacDonald walionesha mwaka 1976 kwamba ukimpa mtu sauti ya "ba" pamoja na picha ya mdomo unaotamka "ga", wengi husikia "da", na hata ukiwaeleza ujanja wenyewe wanaendelea kusikia "da". Mwaka 1997 Gemma Calvert na wenzake waligundua kwamba kutazama tu midomo inayosema, bila sauti yoyote, kunaliamsha gamba la kusikia. Mwalimu anayezungumza akiwa amewageuzia wanafunzi mgongo, akiandika ubaoni, amewanyima nusu ya msaada.

Nimesema mwanzoni kwamba gamba hili limefundwa na lugha. Lugha ya Kiestonia ina irabu moja ambayo Kifini, ndugu yake wa karibu, haina. Risto Näätänen wa Finland na wenzake walitumia alama ya umeme ambayo ubongo huitoa wenyewe unapogundua kwamba sauti imebadilika, hata kama mtu anasoma kitabu na hasikilizi. Matokeo yao ya mwaka 1997 yalionesha kwamba irabu ile iliuamsha zaidi ubongo wa Waestonia kuliko wa Wafini. Sauti ni ile ile na masikio ni mazima pande zote mbili, lakini ubongo umelelewa tofauti.

Malezi hayo huanza mapema mno. Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake waligundua kwamba watoto wa mwezi mmoja tayari hutenganisha b na p kwenye mpaka ule ule wa watu wazima. Janet Werker na Richard Tees mwaka 1984 walionesha kwamba watoto wachanga waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza waliweza kutofautisha konsonanti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuweza, na kwamba karibu na mwaka wa kwanza uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Patricia Kuhl na wenzake walipowapima watoto wa Japani na wa Marekani kwa r na l, wakiwa na miezi 6 hadi 8 walikuwa sawa. Walipofika miezi 10 hadi 12, watoto wa Marekani walikuwa wamepanda na wa Japani wameshuka. Ubongo ulikuwa umeshahesabu ni sauti zipi zina kazi katika lugha inayouzunguka, na kuzipa nafasi.

Hapa ndipo ninapotaka kuwasimamisha walimu. Kiswahili kinatenganisha "kula" na "kura", "mahali" na "mahari". Zipo lugha ambazo pahali hapo zina sauti moja tu. Mtoto aliyekulia katika lugha hiyo anapokuja darasani na kuandika "kula" pale ulipotamka "kura", hakuzembea. Gamba lake la kusikia limeziweka sauti zote mbili kwenye fungu moja, kama ubongo wako unavyoziweka sauti za lugha nyingine ambazo ukisikilizishwa utaapa ni sauti moja. Kumcheka ni kumcheka kwa sababu alijifunza lugha ya mama yake vizuri. Kumrudishia neno hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi hakumsaidii, kwa kuwa ukubwa wa sauti haukuwa tatizo. Kinachosaidia kimejaribiwa: John Logan, Scott Lively na David Pisoni mwaka 1991 waliwafundisha watu wazima wa Kijapani r na l kwa maneno mengi yaliyosemwa na watu tofauti, wakiwaambia kila mara kama wamepata au wamekosa, na uwezo wao ukaongezeka. Siri iko kwenye wingi wa sauti. Mpe mwanafunzi "kula" na "kura" kutoka vinywa vingi, katika nafasi mbalimbali za neno, na umwambie jibu palepale. Mlango wa utotoni haufungwi kwa kufuli. Huwa mzito tu kusukuma.

Na wazazi mnaouliza kama runinga au simu itamfundisha mtoto mchanga lugha ya pili, Kuhl alilijaribu jambo hilo mwaka 2003. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walichezewa na kusomewa kwa Kichina na mtu aliye mbele yao, vikao 12. Walizijua sauti za Kichina kama watoto waliozaliwa katika lugha hiyo. Kundi jingine lilipewa Kichina kile kile kwa video au kwa sauti tupu. Halikupata chochote.

Nimalizie na watoto wasiofikiwa na sauti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuwa na lugha, upungufu huo ni hasara kubwa. Kwa mtoto mchanga ni zaidi, kwa sababu gamba linalongoja kufundwa halipati mwalimu. Anu Sharma na wenzake mwaka 2002 walipima wimbi la kwanza la mwitikio wa gamba la kusikia kwa watoto waliozaliwa viziwi na kuwekewa koklea bandia, kifaa kinachoipelekea neva ya sikio ishara za umeme. Waliowekewa kabla ya umri wa miaka 3 na nusu, mwitikio wao ulifika kiwango cha wenzao ndani ya miezi kama sita. Waliowekewa baada ya miaka 7, kwa wengi wao, mwitikio ulibaki na kuchelewa kusiko kwa kawaida. Kifaa ni kile kile, upasuaji ni ule ule. Tofauti ni umri wa ubongo uliokipokea.

Hata hivyo si kila mtoto atapata kifaa hicho, wala si kila familia itakitaka, na mtoto hapaswi kukaa bila lugha akisubiri. Mwaka 2000 Laura-Ann Petitto na wenzake waliwachunguza viziwi wanaotumia lugha ya alama na kukuta kwamba sehemu za tuta la juu la pembeni, tulizozoea kuziita za kusikia, ziliamshwa na mikono iliyounda vipande vya alama vinavyolingana na silabi. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: sehemu hiyo ya ubongo inatafuta mpangilio wa lugha, na mpangilio huo ukiletwa kwa macho itaupokea. Kwa hiyo nasikitika kila ninaposikia mzazi ameshauriwa amzuie mtoto kiziwi asitumie alama eti atakuwa mvivu wa kusema. Mpeni lugha inayomfikia, leo, na kifaa kikija kije.

Usikivu wa mtoto mchanga unapimika akiwa na siku chache tu, tena usingizini. Kipimo kimoja hutuma mlio mdogo sikioni na kusikiliza mwangwi unaorudishwa na seli za nywele zenyewe. Kingine hubandika vibandiko kichwani na kupima umeme wa neva na shina la ubongo sauti inapoingia. Havimwumizi, na havihitaji mtoto ajibu kitu. Wataalamu wanapendekeza kipimo cha kwanza kifanyike kabla ya mwezi mmoja, uhakika upatikane kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Wahudumu wa afya, mwulizeni kila mama kama mtoto wake amepimwa. Wazazi, msipoulizwa, ulizeni nyinyi. Na mtu akiwaambia mngoje mtoto afike miaka miwili muone kama atasema, msingoje.

Nimemaliza niliyokuja nayo. Karibuni kwa maswali.